Neno Moja la Don Saturio

Mwalimu wangu wa kwanza wa Kihispania
alikuwa na neno moja tu.
Kiharusi kilipita kwake mwezi wa Novemba,
kikabeba mkono wa kulia, mguu wa kulia
na kabati zima la maneno,
kikamwachia kijiko.

*Cuchara*, alisema, nilipogusa bega lake kwa taulo la moto.
*Cuchara*, nilipomkunjua goti.
Nami, mgeni wa wiki mbili mjini Soria,
niliyetoka Zestafoni na sanduku moja na vidonge vya presha,
nikaandika daftarini kwa herufi zetu za Kijojia:
bega, cuchara. Goti, cuchara.
Nikajiambia, lugha hii nyepesi,
watu hawa hawapotezi pumzi.

Duka la dawa, foleni hadi mlangoni,
nikamwambia Baudelio kijiko kinaniuma,
huku nimeshika kiuno.
Alicheka hadi miwani ikamteleza puani,
halafu akaona mimi sicheki.
Akavuta karatasi ya kufungia dawa,
akachora mtu asiye na nguo wala haya,
akambandika maneno kama anayebandika bei:
*hombro, codo, cintura, rodilla.*

Nilijifunza kwa sabuni.
Bega kwao dume, goti jike,
sijui nani aliyekagua.
Mkono wameukata vipande viwili kwenye kifundo,
cha juu kina jina lake, cha chini lake;
kwetu ni mkono tu, toka begani hadi kucha.
Kidole cha mguu ni kidole. Hapo tulipatana.
Ncha ya kidole, ile nyama laini, wanaiita kiini cha yai.
Kifundo cha mkono wanakiita mwanasesere,
na mimi kila asubuhi saa mbili
nilimwosha mzee wa miaka themanini na moja
mwanasesere wa kushoto, mwanasesere wa kulia.

Nilikosea, tena sana.
Nilimwambia bintiye kwa simu
kwamba mwanamume wa baba yake ameteguka.
Kimya. Kisha Casilda, polepole:
mwanamume gani?
Herufi moja tu, *hombro*, *hombre*,
na jasho lote lile.

Ni yeye aliyeniambia
baba alikuwa dalali wa kondoo mnadani,
akiongea kwa viwiko,
ndivyo wanavyomsema mtu asiyefunga mdomo.
Nilivitazama viwiko vile, vikavu, rangi ya jivu.
Siku hiyo nilivipaka mafuta mara mbili.

Ulimi hauna mfupa, husema wa kwetu.
Wake ulikuwa kama uliovunjika,
na hakuna plasta ya ulimi.
Basi Januari nikaanza kumrudishia.
Mimi, na lafudhi yangu ya milimani,
nikimfundisha mwenye lugha lugha yake:
nagusa sikio, *oreja*,
nagusa nyusi, *ceja*,
naye ananitazama kama mteja
anayeuziwa kondoo wake mwenyewe.
*Cuchara*, anajibu, kwa adabu.
Kuna siku alitupa taulo.
Kuna siku nililia bafuni, bomba likiwa wazi,
kwa lugha isiyohitaji daftari.

Februari, theluji imefika kwenye kizingiti,
nikamwekea supu ya vitunguu saumu.
Hakuifungulia mdomo.
Alikitazama kijiko muda mrefu,
nyusi zikikutana kama watu wawili wenye deni,
mkono mzima ukainuka, ukaelekeza.

*Mano*, akasema.

Wazi kabisa. Sauti ya mnada.
Mkono. Akikionyesha kijiko.

Baudelio angesahihisha. Casilda angelia.
Mimi nilikiweka kijiko mezani
nikampa alichokitaja.
Aliushika, akaupimapima kama anayekadiria uzito,
kiini cha yai baada ya kiini cha yai,

na supu ikapoa.